Ziwa Erie: sheria iliyoziba mabomba ya mjini na kuiacha wazi mitaro ya mashambani

Makala ya Mazingira

Yafuatayo ni maandishi kamili ya mazungumzo ya wiki hii kuhusu sera za serikali za kulinda maji baridi.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 2 Agosti mwaka 2014, wakuu wa mji wa Toledo, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, walitoa tangazo ambalo wakazi wengi hawakuwahi kulisikia maishani mwao. Waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Wasipikie, wasipigie mswaki, wala wasiwape mifugo na mbwa wao. Halafu likafuata onyo lililowashangaza wengi zaidi: msiyachemshe.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki ataelewa kwa nini onyo hilo lilishtua. Tangu utotoni mtu hufundishwa kwamba maji yenye shaka huchemshwa, yakapoa, yakachujwa, ndipo yakanywewa. Lakini kilichoingia katika mabomba ya Toledo hakikuwa mdudu anayekufa kwa moto. Kilikuwa sumu iitwayo maikrosistini, inayotengenezwa na viumbe vidogo sana vinavyojulikana kama sayanobakteria, ambavyo watu wengi huviita mwani wa kijani. Sumu hiyo hudhuru ini. Moto hauivunji, maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, sumu hubaki pale pale, na maji yaliyosalia yanakuwa makali kuliko yalivyokuwa kabla ya kuinjikwa.

Watu wapatao laki nne walikosa maji ya kunywa kwa siku tatu. Kufikia asubuhi ya Jumamosi ile, maji ya chupa yalikuwa yamekwisha katika maduka ya Toledo, na magari yakaanza kuelekea miji ya mbali, hata jimbo la jirani la Michigan, kutafuta chupa zilizobaki. Gavana wa Ohio wakati huo, John Kasich, alitangaza hali ya hatari, na wanajeshi wa akiba wakaletwa kugawa maji. Jumatatu asubuhi, tarehe 4 Agosti, Meya Michael Collins alitangaza kwamba maji ni salama tena, akanywa glasi moja mbele ya waandishi wa habari.

Mji huo uko ukingoni mwa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, hazina kubwa ya maji baridi ambayo nchi nyingi zingeitamani. Yawezekanaje watu wa mahali kama hapo, katika nchi tajiri yenye sheria ya maji ya miaka mingi, wakae siku tatu bila maji ya kunywa? Jibu limo ndani ya sheria yenyewe, katika yale iliyoyakataza na yale iliyoyaacha.

Ziwa Erie ni la kina kifupi kuliko yote katika Maziwa Makuu matano. Kwa wastani kina chake ni mita 19, na upande wake wa magharibi, ulipo mji wa Toledo, ni mita 7 na ushei tu. Takriban watu milioni 11, wa Marekani na wa Kanada, hupata maji yao ya kunywa kutoka ziwa hili. Maji ya kina kifupi hupata joto upesi wakati wa kiangazi, na ndani ya maji yenye joto kiasi kidogo cha mbolea hufanya kazi kubwa.

Katika miaka ya 1960 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba Ziwa Erie limekufa. Viwanda vilimwaga taka humo, miji ilimwaga kinyesi, na sabuni za kufulia za wakati huo zilijaa fosforasi, ambayo ni chakula cha mwani sawasawa na ilivyo chakula cha mahindi. Tarehe 22 Juni mwaka 1969, mto Cuyahoga unaopita katika mji wa Cleveland na kuingia Erie ulishika moto. Mafuta na takataka zilizoelea juu ya maji ziliwaka kwa muda usiozidi nusu saa, zikaunguza madaraja mawili ya reli. Haikuwa mara ya kwanza kwa mto huo kuwaka. Safari hii, hata hivyo, Meya wa Cleveland, Carl Stokes, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuongoza mji mkubwa nchini humo, aliwaita waandishi wa habari siku iliyofuata, akawatembeza kandokando ya mto huo na kuwaonyesha uchafu ulikotoka. Aibu ya mto unaowaka ikaenea nchi nzima.

Serikali ilichukua hatua. Mwaka 1970 iliundwa idara ya kulinda mazingira, EPA. Mwezi Aprili mwaka 1972 Rais Richard Nixon na Waziri Mkuu wa Kanada Pierre Trudeau walitia saini mjini Ottawa mkataba wa kulinda ubora wa maji ya Maziwa Makuu. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Maji Safi, likibatilisha pingamizi la Rais Nixon mwenyewe, aliyeona gharama yake ni kubwa mno.

Nguvu ya sheria hiyo ilikuwa katika wepesi wake wa kueleweka. Mwenye kumwaga uchafu mtoni kupitia bomba au mfereji lazima awe na kibali, na kibali hicho kitaje ni uchafu gani na kiasi gani. Atakayekiuka ashitakiwe. Miji nayo ilipewa msaada: serikali kuu ililipa hadi robo tatu ya gharama za kujenga mitambo ya kusafisha maji taka. Kanada na majimbo yaliyolizunguka ziwa yalipunguza fosforasi katika sabuni. Nchi hizo mbili zilikubaliana kwamba fosforasi inayoingia Erie isizidi tani 11,000 kwa mwaka, na ilipofika miaka ya 1980 lengo hilo lilikuwa linafikiwa. Maji yaling'aa tena. Samaki walirudi, na wavuvi nyuma yao. Katika vyuo vingi ziwa hilo lilitajwa kuwa mfano wa sera ya serikali iliyofaulu.

Mfano huo haukudumu. Kuanzia miaka ya katikati ya 1990 mwani ulianza kuonekana tena upande wa magharibi. Mwaka 2011 ulifunika takriban kilomita za mraba 5,000. Mwaka 2014 ukaifikia Toledo ndani ya mabomba yake, na mwaka 2015 ukawa mkubwa zaidi kwa vipimo vya wataalamu. Viwanda havikuwa vimefungua mabomba upya, na mitambo ya maji taka ilikuwa ikifanya kazi. Uchafu ulipitia mlango ambao sheria ya mwaka 1972 haikuufunga.

Mlango huo ni mto Maumee, unaomwaga maji yake ziwani pale pale Toledo. Bonde lake limeenea katika majimbo matatu, Ohio, Indiana na Michigan, na sehemu yake kubwa ni mashamba ya mahindi na soya. Karne mbili zilizopita eneo hilo lilikuwa kinamasi kikubwa, Kinamasi Kikuu Cheusi kama kilivyoitwa, ambacho hata magari ya farasi yalizama humo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 walowezi walikikausha. Walichimba mitaro, kisha wakafukia ardhini mabomba ya udongo wa kuchoma ili yanyonye maji na kuyapeleka mtoni. Ardhi iliyobaki ikawa miongoni mwa ardhi zenye rutuba kubwa nchini humo. Mabomba hayo, ambayo siku hizi hutengenezwa kwa plastiki, bado yamo chini ya mashamba, na mvua ikinyesha hupeleka maji mtoni kwa kasi ambayo kinamasi kisingeiruhusu. Kinamasi kilikuwa chujio; mahali pake pamewekwa mrija.

Kwa akili ya kawaida, bomba ni bomba. Kwa sheria si hivyo. Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilirekebisha Sheria ya Maji Safi na kutamka wazi kwamba maji ya mvua yanayotoka mashambani hayahesabiwi kuwa chanzo kinachohitaji kibali. Kiwanda kinachomwaga fosforasi mtoni huhesabiwa kila kilo. Mkulima ambaye fosforasi yake imesombwa na mvua haulizwi, hata ikiwa maji hayo yamepitia bomba la plastiki lililofukiwa chini ya shamba lake. Na hesabu za idara ya mazingira ya Ohio yenyewe zinaonyesha kwamba karibu sehemu tisa kwa kumi za fosforasi ya mto Maumee hazitoki katika mabomba yenye vibali.

Upo hapa mkasa mwingine ambao watunga sera wa nchi yoyote wangenufaika kuufahamu. Chuo Kikuu cha Heidelberg, katika mji mdogo wa Tiffin huko Ohio, kimekuwa kikipima maji ya mito ya eneo hilo tangu miaka ya 1970. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba fosforasi iliyoshikamana na udongo ilipungua, kwa sababu wakulima walishauriwa kuacha kulima kwa kugeuzageuza ardhi ili udongo usisombwe. Ushauri ulikuwa mzuri, na udongo ulibaki shambani. Lakini mbolea iliyonyunyizwa juu ya ardhi isiyolimwa ilibaki juu juu, ikayeyuka kwa mvua, ikapenya katika nyufa na kuingia katika yale mabomba. Fosforasi iliyoyeyuka ikaanza kuongezeka kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na hiyo ndiyo mwani huitumia kwa urahisi zaidi. Dawa iliyotibu ugonjwa mmoja ikachangia mwingine.

Ipo pia samadi. Ufugaji wa zamani, wa ng'ombe wachache katika kila shamba, umewapisha wafugaji wakubwa. Mwenye ng'ombe wa maziwa 700 au nguruwe wakubwa 2,500 huhesabiwa kuwa mfugaji mkubwa, na Ohio humtaka awe na kibali cha jimbo. Aliye chini kidogo ya idadi hiyo hana masharti hayo. Na hata mwenye kibali akimuuzia jirani samadi yake, aghalabu masharti ya kibali huishia mlangoni mwa muuzaji.

Baada ya siku zile tatu za Toledo, wanasiasa hawakuweza kukaa kimya. Mwaka 2014, sheria iliyokuwa imepitishwa kabla ya tukio hilo ilikwisha kuwataka wakulima wanaotia mbolea katika zaidi ya ekari 50 wapate mafunzo na cheti. Mwaka 2015 Ohio ilipiga marufuku kutandaza mbolea na samadi juu ya ardhi iliyoganda, iliyofunikwa na theluji au iliyolowa kupita kiasi, katika eneo linalomwaga maji upande wa magharibi wa ziwa. Mwezi Juni mwaka huo Ohio, Michigan na jimbo la Ontario la Kanada yaliahidi kupunguza fosforasi kwa asilimia 40 ifikapo mwaka 2025, na mwaka 2016 serikali za Marekani na Kanada zikaukubali upunguzaji huo wa asilimia 40, ukilinganishwa na hali ya mwaka 2008. Mwaka 2019 Gavana Mike DeWine alianzisha mpango uitwao H2Ohio, unaowalipa wakulima wanaokubali kupima udongo wao, kuingiza mbolea ndani ya ardhi badala ya kuinyunyiza juu, na kupanda mimea ya kufunika shamba wakati wa baridi. Mpango huo pia hurejesha vipande vya vinamasi vilivyokaushwa na mababu.

Hatua hizi si za kubezwa. Hata hivyo nyingi zina sifa moja: ni za hiari. Mkulima anayetaka hujiunga, asiyetaka hubaki alivyo. Na fedha za hiari hutegemea hiari ya bunge pia. Mwaka 2025 bunge la Ohio lilipunguza fedha za mpango huo. Mwaka 2025 umekwisha na ile asilimia 40 iliyoahidiwa haijafikiwa.

Wakulima wana hoja zao, na haki inataka zisikilizwe. Hakuna mkulima anayefurahia kuona mbolea aliyoinunua kwa bei ghali ikielekea ziwani. Bei ya mahindi hupangwa mbali na shamba lake, na akiongezewa gharama hawezi kuipandisha. Sehemu ya fosforasi iliyomo ardhini iliwekwa na baba na babu yake, wakati ambapo wataalamu wa serikali wenyewe waliwahimiza watie mbolea kwa wingi. Na hakuna anayeweza kuonyesha, katika maji yanayofika Toledo, ni tone gani lilitoka shamba la nani.

Upande wa pili yuko mkazi wa Toledo. Mji wake uliwahi kujivunia viwanda vya vioo na vya magari, lakini wengi wa watu wake leo si matajiri. Kwa amri ya mahakama mji huo ulitumia zaidi ya dola milioni 500 kuzuia maji taka yake yasifurike mtoni wakati wa mvua, kazi iliyokamilika mwaka 2020. Umetumia mamia ya mamilioni mengine kuimarisha mtambo wa kusafisha maji ya kunywa, pamoja na vifaa vya kuondoa sumu ya mwani. Fedha hizo hutoka katika ankara za maji za kila nyumba. Kwa hiyo mwenye nyumba hulipa mara mbili, kwanza kwa kusafisha uchafu wake, kisha kwa kusafisha wa mwingine aliye mbali juu ya mto, ambaye pengine ni mkazi wa jimbo la Indiana, ambako kura ya mtu wa Toledo haifiki.

Hasira hiyo ilizaa jambo la ajabu. Tarehe 26 Februari mwaka 2019 wapiga kura wa Toledo walipitisha, kwa asilimia 61 ya kura, tamko linalolipa Ziwa Erie haki zake lenyewe, haki ya kuwepo na kustawi, na kumruhusu mwananchi yeyote wa mji huo kwenda mahakamani kwa niaba ya ziwa. Siku iliyofuata familia moja ya wakulima ilifungua kesi kupinga. Tarehe 27 Februari mwaka 2020 Jaji Jack Zouhary wa mahakama ya serikali kuu alilifuta tamko hilo, akiona kwamba maneno yake hayaelezi bayana ni kitendo gani kinakatazwa. Kisheria hukumu hiyo haikushangaza wengi. Lakini watu walioamua kulipa ziwa haki ya kushitaki walikuwa wakisema, kwa njia yao, kwamba wale waliopewa kazi ya kulisemea hawakuifanya.

Njia iliyobaki ni ndefu zaidi. Sheria ya Maji Safi inalitaka jimbo litangaze maji yaliyoharibika na kuyawekea kikomo cha uchafu. Ohio ilisita kwa miaka kadhaa kulitangaza eneo hilo la ziwa kuwa limeharibika, ikakubali mwaka 2018, na baada ya kesi mahakamani ikaandaa kikomo cha fosforasi kwa bonde la Maumee, ambacho EPA ilikiidhinisha mwezi Septemba mwaka 2023. Wapinzani wake wanasema kikomo hicho kina tarakimu lakini hakina meno, kwa sababu kwa upande wa mashamba bado kinategemea hiari ile ile.

Msikilizaji aliyeko Kisumu, Mwanza, Entebbe au Bukoba huenda anajiuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa karibu. Mwaka 2022 na 2023 Chuo Kikuu cha Bowling Green, ambacho mji wake hunywa maji ya mto Maumee, kilipeleka watafiti vijana Kisumu kufanya kazi pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI. Walichokwenda kukichunguza katika ghuba ya Winam ni jamii ile ile ya sayanobakteria. Ghuba hiyo, kama upande wa magharibi wa Erie, ina kina kifupi, inapokea mito inayotoka mashambani, na kando yake umesimama mji unaokua.

Tofauti nazo ni kubwa, na hazilipi Ziwa Viktoria unafuu. Maji ya Erie hubadilika yote katika muda wa takriban miaka mitatu, kwa hiyo uchafu ukikoma leo, ziwa linaweza kupona ndani ya umri wa wale waliolichafua. Ziwa Viktoria hupata maji yake mengi kwa mvua na kuyapoteza mengi kwa mvuke, na mto Nile hutoa sehemu ndogo tu. Kilichoingia humo hukaa. Isitoshe, watafiti wamegundua kwamba sehemu kubwa ya fosforasi ya Viktoria hushuka kutoka angani, pamoja na vumbi la ardhi iliyoachwa wazi na moshi wa misitu na nyasi zinazochomwa. Hapo hakuna bomba la kuziba hata kwa mwenye nia.

Sheria zipo. Kenya ilitunga kanuni za ubora wa maji mwaka 2006. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Lakini ziwa ni la nchi tatu, Tanzania, Uganda na Kenya, na mito yake huanzia hata Rwanda na Burundi. Kama ilivyo kwa Toledo na Indiana, anayekunywa maji na anayeyachafua mara nyingi hawapigi kura katika sanduku moja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1972 Marekani iliziba ufa uliokuwa ukionekana, wa mabomba ya viwanda na miji, na ikauziba vizuri. Ufa wa mashambani iliuacha kwa sababu wenye mashamba walikuwa wengi, walikuwa na sauti bungeni, na kuwagusa kuliogopwa. Sasa Toledo inajenga ukuta, na kila mwezi mkazi wake huuona umeandikwa katika ankara yake ya maji.

Mazungumzo haya yametayarishwa kwa ajili ya kipindi cha mazingira.